Kunywa na Kushindwa Kuimudu Gari: Uchambuzi wa Kesi Moja ya Kifungu cha 44 Mjini Kisumu

Kisa hiki kilisikizwa katika mahakama ya hakimu mjini Kisumu. Jina la mshtakiwa, tarehe, nambari ya kesi, kituo cha polisi na hospitali vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa sheria yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mshtakiwa tutamwita Bwana M. Niliifuatilia kesi yake tangu siku aliposomewa mashtaka hadi siku ya hukumu, nikiwa msaidizi katika ofisi ya wakili aliyemtetea. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba ninayoyaeleza niliyaona nikiwa upande wa utetezi.

Usuli

Bwana M. alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, dereva wa kuajiriwa aliyesambaza mikate kwa maduka ya mji na vitongoji vyake. Leseni yake ndiyo iliyoleta unga nyumbani. Miaka kadhaa kabla ya tukio alivunjika mguu wa kulia katika ajali ya bodaboda, akatiwa chuma, na tangu hapo hutembea akichechemea, hasa akiwa amechoka au baridi ikizidi. Jambo hilo la mguu lilionekana dogo sana siku ya kwanza. Tutalirudia.

Alishtakiwa kwa makosa mawili. Shtaka la kwanza lilikuwa la kuendesha gari akiwa amelewa, chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. La pili lilikuwa la kuendesha gari bila uangalifu unaostahili, chini ya kifungu cha 49. Shtaka la kwanza ndilo lililoitisha familia nzima, kwa kuwa adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miaka 2, au vyote viwili, na mwenye kupatikana na hatia huweza pia kufungiwa leseni.

Maneno ya kifungu chenyewe ndiyo yaliyoamua mengi katika kesi hii. Kifungu cha 44 hakisemi kwamba ni kosa kuendesha gari baada ya kunywa pombe. Kinasema kwamba ni kosa kuendesha, kujaribu kuendesha au kuwa na mamlaka juu ya gari barabarani ukiwa umeathiriwa na kileo au dawa kwa kiasi cha kutoweza kulimudu gari hilo ipasavyo. Kati ya kunywa na kushindwa kulimudu gari pana nafasi, na ni juu ya upande wa mashtaka kuijaza nafasi hiyo kwa ushahidi.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumamosi. Bwana M. alikuwa ametoka kwenye mazishi ya jamaa yake upande wa juu wa barabara ya Kakamega, alikokesha usiku wa Ijumaa kando ya moto wa matanga. Jioni alianza safari ya kurudi Kisumu kwa Probox ya kaka yake, akiwa peke yake, mvua ikinyesha. Alipokaribia Mamboleo, mwendo wa saa tatu na dakika ishirini usiku, tairi la mbele upande wa kushoto liligonga mkokoteni wa miwa uliokuwa umeegeshwa ukingoni mwa barabara. Gurudumu la mkokoteni likapinda, miwa ikamwagika. Hakuna aliyeumia. Alisimama mbele kidogo, akateremka, akaomba radhi, na wakati yeye na mwenye mkokoteni wakijadiliana bei ya gurudumu, mwendesha bodaboda mmoja alikuwa tayari amewafikia polisi waliokuwa kwenye kizuizi cha barabarani hatua chache kutoka hapo.

Konstebo wa kwanza kufika alisema alisikia harufu kali ya pombe, akaona macho mekundu na mtu anayeyumba. Bwana M. alipuliza kwenye kifaa cha kupima pumzi. Hakuonyeshwa nambari yoyote wala hakupewa karatasi, aliambiwa tu, «Umelewa, twende.» Kituoni aliomba apelekwe kwa daktari apimwe, akajibiwa kwamba gari la kituo halina mafuta. Alilala korokoroni Jumamosi na Jumapili, akafikishwa mahakamani Jumatatu asubuhi.

Jumatatu asubuhi

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu mzito kuliko yote, ulifanyika kwenye ukumbi wa nje kabla ya jina la Bwana M. kuitwa. Kaka yake alikuwa amezungumza na mtu mmoja wa aina ile ambayo kila mahakama inayo, asiye wakili wala karani lakini anayejua bei ya kila kitu, na mtu huyo alimhakikishia kwamba akikiri mara moja faini haitapita elfu ishirini na saa sita mchana atakuwa nyumbani. Wakili alimuuliza Bwana M. swali moja tu: «Mwajiri wako akisikia umepatikana na hatia ya ulevi barabarani, Jumanne utapewa gari?» Bwana M. alinyamaza. Aliposomewa mashtaka alikana yote mawili, akaachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu.

Inafaa kueleza kwa nini kukiri kwa haraka ni hatari hata pale mtu anapoamini kweli kwamba alikosa. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, hakimu anatakiwa kumsomea mshtakiwa shtaka pamoja na kila kiungo chake kwa lugha anayoielewa, kunakili jibu lake kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha kumsikilizisha maelezo ya kisa na kumpa nafasi ya kuyapinga. Mtu anayesema «ndiyo, nilikunywa» hajakiri bado kosa la kifungu cha 44, maana hajasema kwamba alishindwa kulimudu gari. Lakini asubuhi yenye mafaili arobaini, mtu asiye na wakili akishatikisa kichwa mara mbili tatu, tofauti hiyo hupotea kwa urahisi, na kuirudisha kwa rufaa ni kazi ya miezi.

Kaka yake alikuwa na hoja nyingine, kwamba kesi nzima itupwe kwa kuwa Bwana M. alilala siku mbili rumande. Kibara cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, lakini kinaongeza kwamba saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Jumamosi usiku akafikishwa Jumatatu hajacheleweshwa. Na hata angecheleweshwa, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema katika kesi ya Julius Kamau Mbugua ya mwaka 2010 kwamba dawa ya ucheleweshaji wa aina hiyo ni fidia ya madai. Hoja hiyo iliachwa hapo hapo, na haikurudi.

Maandalizi, na hoja ambayo haikutolewa

Kibara cha 50(2)(j) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Wakili aliandika barua akitaka taarifa za mashahidi, nakala ya kitabu cha matukio ambacho sote hukiita OB, matokeo ya kipimo cha pumzi, na cheti cha kuonyesha kwamba kifaa hicho kilikuwa kimekaguliwa na kurekebishwa. Taarifa na nakala ya OB vilipatikana baada ya kutajwa kwa kesi mara mbili. Cheti hakikuja. Matokeo ya kipimo yalikuwa neno moja kwenye OB: «chanya».

Marafiki wa Bwana M. walisisitiza kwamba wakili asimame siku ya kwanza aseme Alcoblow, yaani kile kifaa cha kupima pumzi, ni haramu, kwa kuwa korti iliitupa mwaka 2017. Imani hiyo imeenea sana katika eneo letu, na ni nusu ya ukweli. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizibatilisha kwa jinsi zilivyogongana na kifungu cha 44. Kifungu cha 44 chenyewe kilibaki kizima. Bwana M. hakushtakiwa kwa kuvuka kiwango, alishtakiwa kwa kushindwa kulimudu gari kwa sababu ya ulevi, na kwa shtaka hilo uamuzi wa 2017 haukuwa ngao. Ulichofanya uamuzi huo ni kuwarudisha waendesha mashtaka kwenye kazi ngumu zaidi ya kuthibitisha hali ya dereva mwenyewe. Wakili aliamua kuiweka hoja hiyo akiba na kuitumia kwa njia hiyo tu.

Kilichobadilisha kesi kilipatikana katika nakala ya OB. Tuliisoma mara mbili bila kukiona, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa haraka na nakala ilikuwa hafifu. Mara ya tatu, mstari wa mwisho wa maandishi ya usiku ule, baada ya nambari ya gari na jina la mtuhumiwa, ulisomeka kwamba gari lililetwa kituoni «likiendeshwa na mtuhumiwa chini ya ulinzi». Tulipomuuliza Bwana M. kwa nini hakutuambia, alishangaa: «Nilidhani mnajua. Afande aliketi kando yangu, nikaendesha.»

Ushahidi wa mashtaka

Mashahidi walikuwa watatu: konstebo aliyemkamata, afisa aliyepeleleza, na mwenye mkokoteni. Daktari hakuwapo, wala mtu wa kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kuwa damu haikuchukuliwa.

Konstebo alihojiwa kwa takriban dakika arobaini, na sehemu kubwa ya muda huo ilipita bila mavuno. Kuhusu kifaa alisema kinafanya kazi vizuri, hakumbuki kilikaguliwa lini. Kuhusu harufu hakuyumba hata kidogo, na nadhani alisema kweli. Kisha wakili akampa nakala ya OB.

«Mstari huu ni mwandiko wako?»

«Ni wangu.»

«Kutoka kizuizini hadi kituoni, nani alishika usukani?»

«Mshtakiwa.»

«Mvua ilikuwa imeacha?»

«Ilikuwa bado inanyesha.»

«Njiani aligonga chochote?»

«Hapana.»

«Wewe ulikuwa umeketi wapi?»

«Mbele. Kando yake.»

Wakili aliketi. Ninataja kuketi kwake makusudi. Swali lililomjia kila mtu chumbani, yaani kwa nini afande amkabidhi usukani mtu asiyeweza kulimudu gari, hakuliuliza. Angeliuliza, shahidi angepata nafasi ya kueleza. Kiongozi wa mashtaka alijaribu kuliziba pengo hilo alipomrudia shahidi wake, akapata jibu kwamba maafisa wengine walibaki kizuizini na yeye konstebo hana leseni. Jibu hilo lilieleza kwa nini hakuendesha yeye. Halikueleza kwa nini alikubali kuendeshwa.

Kwa mwenye mkokoteni mambo yalikwenda vibaya, na kosa lilikuwa letu. Tulimwona kama shahidi wa pembeni ambaye gurudumu lake lilikwisha kulipwa. Alisema gari lilipinda ghafla kuelekea kwake kama gari ambalo mwenyewe amesinzia. Wakili alimuuliza maswali mawili kuhusu taa za mkokoteni, akajibiwa kwamba haukuwa na taa ila ulikuwa na kiakisi mwanga nyuma, akamwacha. Yale maneno kuhusu kusinzia yalibaki kwenye kumbukumbu za mahakama bila kupingwa.

Wakili aliomba mahakama iamue kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu, chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Kipimo kinachotumika ni kile cha kesi ya Bhatt ya mwaka 1957: je, mahakama yenye akili timamu ingeweza kumtia hatiani kwa ushahidi huu iwapo mshtakiwa hatasema neno? Hakimu aliona kwamba harufu, kuyumba na kugonga mkokoteni vilitosha kumtaka ajibu.

Utetezi

Kifungu cha 211 kilimpa Bwana M. njia tatu, ambazo ni kujitetea kwa kiapo na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza. Tulijadiliana jioni nzima. Kunyamaza kulikuwa na mantiki, kwa kuwa shimo la usukani lilikuwa tayari limechimbwa na shahidi wa mashtaka mwenyewe. Lakini kuyumba hakukuwa na maelezo mengine isipokuwa mguu, na mguu hauwezi kujieleza. Akachagua kiapo.

Alieleza mguu wake, akataka kutoa kadi ya hospitali. Kiongozi wa mashtaka alipinga, kwamba aliyeiandika kadi hayupo. Pingamizi lilikuwa halali, na lilitugharimu wiki sita za kuahirishwa hadi afisa wa kliniki alipofika na picha ya eksirei, akaonyesha chuma na kueleza kwamba mtu wa hali hiyo, akiwa amechoka, huegemea upande mmoja anapotembea. Kuhusu macho mekundu Bwana M. alieleza moshi wa matanga na usiku mzima bila kulala. Kisha akaulizwa swali lililotarajiwa.

«Ulikunywa chupa ngapi?»

«Mbili. Saa kumi jioni.»

Hakimu aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Washtakiwa wote wa kifungu cha 44 walikunywa mbili. Mwili wa kawaida huondoa kati ya miligramu 10 na 20 za pombe katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja, na chupa mbili za saa kumi zingekuwa zimekwisha au zimebaki kidogo sana kufikia saa tatu na nusu usiku; harufu kali aliyoieleza konstebo haiendani na hesabu hiyo. Sijawahi kumuuliza Bwana M. ukweli wa chupa hizo, wala sidhani lilikuwa jukumu langu.

Hukumu

Katika shtaka la kwanza aliachiliwa huru chini ya kifungu cha 215 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Hakimu aliona imethibitishwa kwamba mshtakiwa alikunywa, lakini haikuthibitishwa bila kuacha shaka kwamba alikuwa ameathiriwa kiasi cha kutolimudu gari. Neno «chanya» bila nambari, bila karatasi na bila cheti halikupewa uzito wowote. Kuyumba kulikuwa na maelezo yaliyoungwa mkono na mtaalamu. Na kuhusu usukani aliandika, kwa ufupi, kwamba afisa aliyeketi kando ya dereva usiku wa mvua alikuwa ametoa maoni yake juu ya uwezo wa dereva huyo kwa vitendo.

Katika shtaka la pili alipatikana na hatia. Mtu aliyekesha, hakimu alisema, akashika barabara usiku wa mvua akijua hajalala, kisha akaacha njia na kugonga kitu kilichosimama ukingoni, hakuendesha kwa uangalifu unaostahili. Alitozwa faini ya shilingi 15,000 au kifungo cha mwezi mmoja. Leseni haikuguswa. Faini ililipwa siku ile ile, na hakuna upande uliokata rufaa ndani ya siku 14.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni kulisoma shtaka kwa maneno yake na kuuliza kila kipande cha ushahidi swali moja: hiki kinathibitisha kunywa, au kinathibitisha kushindwa? Harufu ni ya kunywa. Macho mekundu ni ya mambo mengi. Kuyumba kungeweza kuwa ushahidi wa kushindwa, na ndiyo maana wiki sita za kumngoja afisa wa kliniki hazikuwa hasara. Mawakili wengi huelekeza nguvu zao zote kwenye kifaa cha pumzi kwa kuwa ndicho chenye historia ya kusisimua mahakamani. Hapa kifaa kilianguka chenyewe kwa kukosa nambari na cheti, na kingekuwa na vyote viwili bado lingebaki swali la kifungu cha 44. Nisieleweke vibaya, hata hivyo. Nambari kubwa iliyochapishwa, ikifuatana na taarifa ya daktari na damu iliyotunzwa vizuri, ni ushahidi mzito wa hali ya dereva, na mbele yake mstari ule wa OB pengine usingetosha.

Kukosekana kwa daktari kulimsaidia Bwana M., ila kwa bahati. Mtu aliyekunywa kidogo kweli hufaidika zaidi na kipimo kuliko na pengo. Akikataliwa kituoni, ahakikishe ombi lake limeandikwa kwenye OB, na akiachiliwa mapema aende mwenyewe hospitalini apimwe damu kabla saa hazijala ushahidi wake. Bwana M. aliomba kwa mdomo tu, hakuna aliyeandika, na afisa aliyepeleleza alikana kwamba ombi hilo liliwahi kutolewa.

Kilichoshindwa ni kutazama shtaka moja na kulisahau la pili. Maelezo ya kukesha yalipangwa kuua wekundu wa macho katika shtaka la kwanza, yakafanya kazi hiyo, kisha yakavuka ukurasa na kuwa ushahidi bora wa upande wa mashtaka katika shtaka la pili, yakiungana na maneno ya mwenye mkokoteni kuhusu kusinzia ambayo tuliyaacha bila kuyahoji. Moshi peke yake ungetosha kueleza macho. Tungeliona hilo mapema, Bwana M. angeweza kushauriwa ajue uzito wa kila jibu kabla ya kupanda kizimbani, ingawa akiulizwa kwa kiapo kama alilala, jibu ni lile lile na halipambwi. Njia iliyobaki ilikuwa mazungumzo na kiongozi wa mashtaka tangu mwanzo, kwa kuwa Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa: akiri la pili, la kwanza liondolewe. Baada ya kuuona mstari wa OB tulikuwa na cha kuwekea mezani. Hatukujaribu, kwa sababu ushindi ulikuwa umeshatuingia kichwani, na matokeo ambayo huenda tungeyapata katika wiki ya tatu tuliyapata baada ya miezi kumi na mmoja.

Mwajiri wake alimrudishia gari, lakini la asubuhi tu. Ofisini kwetu, fomu ya mahojiano ya kwanza na mteja wa kifungu cha 44 sasa ina swali ambalo halikuwapo, chini kidogo ya jina na nambari ya simu: nani aliendesha gari kutoka kizuizini hadi kituoni?